Mtembezaji kama Fanani: Safari Mbili katika Mji wa Kale wa Mombasa

Aghalabu wahakiki wa fasihi simulizi humtafuta fanani pale walipofundishwa kumtafuta: motoni jioni, arusini, matangani au jukwaani. Ni nadra kumtafuta nje ya lango la Fort Jesus saa nne za asubuhi, amevaa kofia na kitambulisho kifuani, akimbembeleza mgeni kwa lugha tatu. Hata hivyo, mtembezaji wa watalii mjini Mombasa anatimiza masharti yote. Ana hadhira inayobadilika, ana fomula za kufungulia na za kufungia, ana masimulizi aliyoyapokea kwa waliomtangulia, na bakshishi yake hutegemea namna anavyochekesha. Nadai katika insha hii kwamba kazi yake ni utanzu kamili, na kwamba utanzu huo una matini mbili, moja ikiwa hatarini kupotea.

Nilimfuata mtembezaji mmoja mara mbili katika wiki moja. Mara ya kwanza nilijiunga na kundi la wageni kutoka Ulaya, naye akasimulia kwa Kiingereza. Mara ya pili nilikwenda na wanafunzi wangu wa uzamili, akatutembeza kwa Kiswahili. Njia ilikuwa ile ile: Ngomeni, Ndia Kuu, Msikiti wa Mandhry, Bandari ya Kale. Maneno hayakuwa yale yale.

Matini ya Kiingereza ni tamthilia ya mawe na tarehe. Ngome, alieleza, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka angani ni kama mtu aliyelala chali. “Amelala zaidi ya miaka mia nne, na hajalipa kodi hata mwezi mmoja.” Kisha akaingia katika mazingiwa ya Waomani, yaliyoanza 1696 na kumalizika Desemba 1698. Wareno, alisema bila kutabasamu, walijenga ukuta ili adui asiingie, wakaja kutambua kwamba ukuta huo unafaa zaidi kumzuia mwenyewe asitoke. Mgeni mmoja aliyewahi kufika Venice akataka kuonyeshwa mifereji. Mtembezaji akanyosha mkono kuelekea Mkondo wa Tudor: “Wenzetu wale waliuchukua mji wakaupeleka majini. Sisi tulikaa kitako, maji yakatufuata yenyewe; huku Tudor, kule Kilindini.”

Ucheshi huu umejengwa kwa ustadi. Anayechekwa ni mgeni wa jana, hivyo mgeni wa leo hucheka bila kujeruhiwa. Lakini tuchunguze ni nani asiyesema. Wenyeji walikuwapo, wameketi vibarazani mbele ya milango ya nakshi, nao walipigwa picha pamoja na milango hiyo. Hakuna aliyetia neno.

Katika matini ya Kiswahili, lugha yenyewe ndiyo inayotembelewa. Mwanafunzi mmoja wa kutoka bara aliuliza kama kibao cha Ndia Kuu hakikukosewa tahajia. Mtembezaji alisimama kama aliyetukaniwa mamake. “Hiyo ndiyo njia, mwanangu, kabla haijapelekwa skuli.” Akatukumbusha kwamba mkutano ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, mwaka 1928. “Mgeni amekula kwako, amenawa kwako, kisha akasifu mapishi ya jirani!” Hatua chache mbele alimgeukia kijana yule yule aliyesalia nyuma, akamwita, “Ndoo! Ndoo upesi!” Kijana akaanza kuangaza macho akitafuta ndoo ya maji.

Tulipofika penye kivuli alituketisha barazani, akamtaja Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840 na kuutetea mji wake kwa tungo katika zama za Mazrui, dhidi ya Seyyid Said na wengineo. Katika safari ya kwanza jina hilo halikutajwa kabisa. Nilipomwuliza kuhusu Vita vya Shela, ambako jeshi la Mombasa na Pate lilishindwa na watu wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, ghafla alikumbuka kutueleza bei ya samaki. Mzee mmoja wa baraza ya pili akamdaka: “Sema weye! Na maji yalivyokupwa yakaviacha vyombo mtangani, usiyaruke!” Mtaa mzima ukacheka, na mtembezaji akalazimika kuyasema. Hapo hadhira iligeuka fanani, na kejeli ikamrudia mwenyewe. Naona hiyo ndiyo tofauti kuu kati ya matini hizi: katika ya kwanza mji husimuliwa, katika ya pili hujisimulia, tena hujisahihisha.

Haifai kuibeza matini ya kwanza. Ndiyo inayolipa karo ya watoto wa mtembezaji. Ya pili aliitenda kwa heshima ya Mwalimu na wanafunzi wake, na kwa kikombe cha kahawa. Utanzu usio na mlipaji huishi kwa hisani, na hisani si mhifadhi wa kutegemewa.

Tungo za Muyaka zilikaa vinywani mwa watu miongo kadhaa baada ya kufa kwake, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoanza kuzikusanya kwa ushirikiano na W. E. Taylor; diwani yake ikachapishwa 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Bila kazi ya Mwalimu Sikujua, sisi wahakiki tungekuwa na kidogo mno cha kuhakiki. Mawe ya Ngomeni yamekwisha kupata walinzi: UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Masimulizi ya barazani hayajapata daftari. Napendekeza, basi, wanafunzi wetu wainase safari ya pili kama inavyotendwa, pamoja na vicheko, bei ya samaki na wazee wanaokatiza. Utafiti huo hauhitaji ruzuku kubwa. Unahitaji kinasa sauti, nauli ya kufika Ngomeni, na mtafiti anayejua kwamba si kila ndoo huteka maji.