Vyuma Tulivyochonga kwa Mkono

Nilijifunza ufundi Morogoro, kwenye gereji ya mjomba, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha hazina ya nchi ikiwa taabani, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Aliyetaka kuagiza hata seti ya pistoni alihitaji kibali, na kibali chenyewe hakikuwa na uhakika. Jumapili alasiri magari binafsi yalizuiwa barabarani ili kubana petroli. Hata hivyo siku nyingine zote magari yalitembea, kwa sababu kila mji ulikuwa na mafundi waliochonga wenyewe kile ambacho meli haikuleta.

Mjomba alikuwa amefunzwa kazi katika karakana za Reli za Afrika Mashariki, Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 alirudi nyumbani na sanduku la zana, na baadaye akanunua mashine kuukuu ya kukereza vyuma iliyotengenezwa Uingereza. Ukutani alitundika vipande vya bati alivyovikata kwa maumbo ya gasketi, vifuniko na mabano ya kila aina ya gari lililowahi kupita mikononi mwake. Havikuwa na maandishi. Mteja akitaja gari lake, mjomba alinyoosha mkono na kuchukua kipande kinachohusika bila kutafuta.

Katika miaka hiyo ililetwa kwetu Jeep ya vita kutoka shamba moja la mkonge upande wa Kilosa. Mkonge na Vita Kuu ya Pili vina uhusiano wa karibu. Wajapani walipoiteka Ufilipino na visiwa ambavyo leo ni Indonesia, Washirika walipoteza vyanzo vyao vya nyuzi za kamba, na mashamba ya Tanganyika yakawa tegemeo. Vita vilipokwisha, magari ya jeshi yaliyobaki yaliuzwa kwa raia, na hii ilikuwa mojawapo. Ilishuhudia mashamba mengi ya mkonge yakitaifishwa mwaka 1967, ikaendelea kubeba wasimamizi na vyombo vya kazi mpaka ikashindwa.

Mtaani kwetu alikuwepo mzee aliyepigana Burma akiwa na King’s African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Aliposikia habari za gari hilo alikuja na mkongojo wake, akapokea shikamoo zetu, akazunguka pande zote bila kusema neno. Kisha akatueleza juu ya mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, matope yakiwa ya kumeza lori. Jeep, alisema, ndiyo iliyopita na machela za majeruhi. Akamgeukia mjomba: “Mwanangu, gari hili lilitubeba. Msiliache life.” Kwangu maneno hayo yaligeuza kazi ya siku ile kuwa dhamana. Vitabu vya shule tulivyosoma vilitaja vita vile kwa majina ya majenerali. Hapa alisimama mtu wetu aliyekuwapo, ameweka kiganja chake juu ya boneti.

Tuliiokoa kwa vilivyopatikana. Sakafu iliyooza tuliikata tukaweka bati la pipa la mafuta lililonyooshwa. Springi za mbele zilitokana na majani ya springi za lori, tukayapasha moto na kuyakunja upya. Taa zake zilikuwa zimepotea, mjomba akachomelea za trekta moja kwa moja kwenye grili. Bushi za usukani alizisubu kwa shaba ya mabomba na koki mbovu, akaimimina ndani ya kalibu ya mchanga, akazikereza mpaka zikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Injini yenyewe ilitusaidia. Valvu zake zimo ndani ya bloki, ubavuni mwa silinda, kwa hiyo kichwa cha injini kimelala juu kama kifuniko cha sufuria. Gasketi ya shaba ikichoka, tuliipasha moto mpaka ikawa nyekundu, tukaizamisha majini ili ilainike, tukairudisha.

Kipimo cha kazi wakati ule kilikuwa kimoja: itembee. Haikuwa kazi duni. Mwenye shamba alihitaji gari alfajiri, na sisi tulihitaji mlo. Kipuri kilichochongwa kwa usahihi wa kutosha kiliokoa mavuno, kiliwahisha mgonjwa hospitali, kilirudisha watoto shuleni. Sijawahi kukutana na ufundi wenye heshima kubwa kuliko ule.

Mambo yakabadilika. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na chini ya Mzee Mwinyi, kuanzia 1985, milango ikafunguka zaidi. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakajaa nchini, na nyuma yake yakaja maduka ya spea. Ilikuwa nafuu ya kweli, na watu walikuwa wameisubiri kwa muda mrefu. Lakini gereji nazo zikageuka. Kijana aliyeanza kazi wakati huo alijifunza kutoa na kuweka: toa pampu iliyokufa, weka iliyotoka dukani. Mashine ya kukereza ikafunikwa turubai. Vipande vya bati vikaanza kudondoka ukutani, na hakuna aliyevirudisha.

Jeep nayo ikasimama. Shamba lilishindwa kulipa deni la matengenezo, likamwachia mjomba gari. Akaliegesha chini ya mwembe nyuma ya gereji, na hakukubali kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu hata bei ilipopanda.

Mjomba alipofariki niliachiwa gereji pamoja na gari hilo. Nikilisafisha, nilikwangua uchafu kwenye kichwa cha bolti moja ya chasisi nikaona imechapwa herufi F. Nikakwangua nyingine, nayo ina F. Tulikuwa tukiliita Willys miaka yote, kumbe lilitoka kwa Ford.

Habari za gari hili zinafaa kujulikana. Mwaka 1940 Jeshi la Marekani lilialika kampuni 135 zitengeneze gari dogo la upelelezi lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne. Kampuni ndogo ya Bantam ilikabidhi gari la kwanza la majaribio tarehe 23 Septemba mwaka huo. Willys ikaja na injini yenye nguvu zaidi, lita 2.2 na nguvu farasi 60, na muundo wake ndio uliochaguliwa. Kwa kuwa vita vilihitaji magari mengi kuliko kiwanda kimoja kinavyoweza kutoa, Ford ilipewa michoro ya Willys itengeneze gari lilelile, ikaliita GPW. Hadi mwaka 1945 viwanda hivyo viwili vilikuwa vimetoa zaidi ya magari 640,000, na kipuri cha moja kiliweza kufungwa kwenye jingine. Jeshi liliagiza majina ya kampuni yasionekane nyuma ya gari, lakini Ford iliendelea kuchapa herufi yake kwenye vipuri vyake, hata vichwa vya bolti.

Kwa hiyo gari nililorithi lilikuwa nakala tangu siku ya kuzaliwa, nakala iliyofanywa kwa uaminifu na kutiwa alama ya aliyeifanya. Wazo hilo liliniongoza katika kazi yote iliyofuata. Niliamua kulirudisha katika hali ya mwaka 1944, na pale ambapo kipuri cha asili hakipo, tukitengeneze wenyewe.

Najua Ufilipino wapo mafundi wanaotengeneza bodi nzima mpya za Jeep na kuziuza duniani. Nao walifunzwa na uhitaji: baada ya vita waliziokota Jeep zilizoachwa na Wamarekani, wakazirefusha ziwe magari ya abiria, mpaka mikono yao ikalijua bati la gari hilo kwa moyo. Ningeweza kuagiza huko. Niliona afadhali tuirudie njia tuliyoipita sisi na wao, tuifufue mashine iliyolala chini ya turubai.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa sakafu. Chini yake Jeep ina mihimili ya bati lililokunjwa kwa umbo la kofia, imechomelewa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kiwandani waliweka mbao ndani ya mihimili hiyo ili isibonyee. Mbao hizo zilikunywa maji kwa miongo, na bati likaoza kutoka ndani, mahali jicho halifiki. Tulichonga gogo la mkongo kwa umbo la ndani la muhimili, tukalaza juu yake bati la milimita 1.2, tukalikunja kwa nyundo za mbao kidogokidogo kutoka katikati kwenda kwenye ncha, maana ukiharakisha bati linajikunyata na halinyooki tena. Mbao tulizirudisha kwa kuwa ndivyo gari lilivyoundwa, ila tulizilowesha kwanza mafuta ya kitani na kupaka rangi ya kuzuia kutu ndani ya muhimili.

Kisha taa. Katika Jeep kila taa kubwa imefungwa kwenye bawaba yenye nati ya masikio. Dereva huilegeza kwa vidole na kuigeuza taa imulike injini, aweze kutengeneza gizani bila kushika tochi. Kuondoa taa za trekta na kuchonga bawaba mbili kwa msumeno na tupa kulinifundisha zaidi ya kuona picha zake. Nilipofikia pembe inayozuia taa isigonge rejeta, nilielewa kwamba aliyeibuni alikuwa amemfikiria askari aliye peke yake usiku, mvua ikinyesha. Kipuri ukikichonga mwenyewe kinakueleza kwa nini kina umbo hilo.

Bolti zilidai elimu ya peke yake. Mjomba alilelewa na thredi za Kiingereza za Whitworth, ambazo pembe yake ni digrii 55. Za Kimarekani ni digrii 60. Wakati wa shida alitumia alichokuwa nacho, na chuma kilivumilia. Sasa nilinoa kisu cha mashine kwa digrii 60, na mashine yake, kwa kuwa inahesabu kwa inchi, ilikata thredi za Kimarekani barabara. Kabureta ya Carter, iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya kopo la mafuta, ilikuwa na tundu la shafti lililotanuka na kuvuta hewa, tukaliwekea bushi mpya za shaba. Vipimo tulivyovikosa tulivitafuta katika TM 9-803, kitabu cha maelekezo cha Jeshi la Marekani cha mwaka 1944, au tulivipima upande uliosalimika na kuvigeuza kwa upande wa pili. Fundi cherehani wa jirani alishona turubai.

Swali lililonikosesha usingizi lilihusu vipuri vya mjomba. Ili gari lifanane na la mwaka 1944 ilibidi kuondoa alichokifanya yeye, na alichokifanya yeye ni historia pia, historia ya nchi iliyokataa kusimama. Sikuvitupa. Sakafu ya pipa na taa za trekta nimevifunga kwenye ubao gerejini, chini yake nimeandika ni vya nini na vilihitajika kwa nini. Bushi zake za usukani nimeziacha ndani ya gari. Nilizipima, na hazijalika kiasi cha kuondolewa. Sikuona sababu ya kubadilisha kazi njema kwa ajili ya tarehe.

Swali la pili lilikuwa herufi F. Vijana ninaowafundisha waliuliza kama nasi tuichape kwenye bolti tulizokereza, ili gari lionekane kamili. Nilikataa. Ford ilichapa F kwa sababu Ford ndiyo iliyotengeneza. Vipuri vyetu vimechapwa alama yetu na mwaka, upande usioonekana kipuri kikishafungwa. Anayetazama gari analiona lilivyokuwa vitani, na fundi atakayelifungua baada yetu atajua kipi cha kiwandani na kipi cha Morogoro.

Ukuta wa mjomba nao umebadilika. Kila kipande cha bati nilichoweza kukitambua nimekichora kwenye daftari kwa vipimo, pembe, aina ya chuma na mpangilio wa kazi, na kila kipuri cha Jeep kina ukurasa wake. Mjomba alibeba elimu hiyo kichwani, na sehemu kubwa tumeizika naye. Vijana wa sasa hupima kwa kalipa kabla ya kugusa tupa, kisha huandika. Shida ndiyo iliyotufundisha sisi kuchonga, na siwaombei warudi kwenye shida ile. Nawaombea wachonge kwa hiari, kwa subira ya kutosha, na waweke wazi kazi ni ya nani. Jeep imewaka na inatembea, na kwa sasa vijana wawili wa gereji wameanza kuchonga vipuri vya Landrova ya kijeshi iliyoletwa na mteja kutoka Dodoma, wakiwa na daftari jipya mezani.