Mcheza Kwao

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa, wala hawakueleza apate nini yule achezaye kwao na kwa watu. Fatuma binti Baraka, ambaye walimwengu walimjua kwa jina la Bi Kidude, alicheza kote kuwili, na maisha yake yamebaki kama kiulizo kilichotiwa mwishoni mwa methali hiyo.

Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, binti wa muuza nazi. Jina la Kidude alipewa angali kichanga, kwa udogo wa umbo lake. Mwaka aliozaliwa haujulikani. Mwenyewe alipoulizwa alijibu kwa sarafu: alizaliwa zama za rupia. Jibu hilo liliwatosha wengi waliomhesabia miaka mia na zaidi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Lakini rupia ilitumika Zanzibar mpaka mwisho wa mwaka 1935, na shilingi ikashika nafasi yake mwaka uliofuata. Kwa hiyo jibu lake lilikuwa mlango ulioachwa wazi, kila mgeni akiingia na hesabu yake. Asiye na cheti ana hiari ya umri wake, na Bi Kidude aliitumia hiari hiyo kwa raha.

Chuo chake kilikuwa sikio. Alipokuwa mtoto, jina lililotawala visiwani lilikuwa la Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeifanya taarab iimbike kwa Kiswahili na kueleweka na watu wa Ng'ambo, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kuitia sauti yake katika sahani za santuri. Siti alifariki 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Kidude alimsikiliza Siti, akashika nyimbo, akashika na namna ya kuitoa sauti kifuani ili imfikie aliyekaa nyuma kabisa pasi na kipaza sauti. Hakufundishwa nota, wala hakuzihitaji.

Angali msichana mdogo alikimbia ndoa ya kulazimishwa, akavuka bahari mpaka bara. Huko Tanganyika alitembea masafa marefu kwa miguu mitupu, akaishi Dar es Salaam akiimba, na katika miaka ya 1940 akarejea Unguja. Aliolewa mara mbili, hakujaaliwa mtoto. Alijipatia riziki kwa kupaka hina na kutengeneza wanja, kwa dawa za miti shamba, na kwa ngoma. Uimbaji haukuwa kazi yake ya pekee, nao haukumtajirisha.

Ni vyema kukumbuka namna taarab ya Unguja ilivyokuwa ikiendeshwa, ndipo uhuru wa mwanamke huyu uonekane. Ikhwani Safaa iliasisiwa 1905, Culture Musical Club 1958; hivi ni vyama vyenye wanachama, mazoezi na taratibu. Mshairi hutunga, mwingine hutia muziki, kisha mwimbaji hukabidhiwa maneno na kuyatoa kwa utulivu mbele ya udi, kanuni na fidla. Kila mtu ana mpaka wake. Bi Kidude aliimba pamoja na makundi, lakini hakufungika nayo. Miaka ya 1980 alisafiri nje na kundi la Twinkling Stars la Mohammed Ilyas. Baadaye alisimama na wengine, wazee kwa vijana. Nyimbo alizorithi kwa Siti aliziimba atakavyo: ubeti huu leo mwanzo, kesho mwisho, neno likaongezwa, jingine likaachwa.

Kwa watunzi wa mashairi jambo hili lina uchungu wake. Anayehesabu mizani kwa vidole hafurahi kuona ubeti ukihamishwa kama kiti cha ukumbini. Hata hivyo, ushairi wa pwani uliimbwa kabla ya kuandikwa, na mwenye kuimba alikuwa na haki ambayo kalamu ilimpokonya baadaye. Bi Kidude hakuidai haki hiyo kwa hoja, aliitumia tu. Aliposimama Ngome Kongwe, katika tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, kimwili kidogo mbele ya umati, sauti iliyotoka ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Hapo hakuna aliyeuliza ubeti upi ulipaswa kutangulia.

Lakini kuna swali zito kuliko la beti, nalo ni la unyago. Kabla ya kuwa mwimbaji wa majukwaani, Bi Kidude alikuwa mpigaji wa msondo, ngoma ndefu ambayo mpigaji huipanda na kuishika kwa mapaja. Unyago ni darasa la wanawake. Mwari hufunzwa mwili wake, usafi, ndoa na subira, kwa nyimbo zenye fumbo ambazo mwanamume hapaswi kuzisikia. Bi Kidude aliitoa ngoma hiyo ndani, akaipiga mbele ya wanaume, watalii na kamera. Waliosema kwamba ameianika siri ya nyumba hawakusema bila sababu. Kitu kilichofunikwa kwa vizazi hakifunuliwi bila kupoteza sehemu ya heshima yake.

Waliomtetea nao walikuwa na neno. Darasa lenyewe lilikuwa likipungua wanafunzi, na ngoma isiyopigwa huliwa na mchwa. Na kwa hakika kilichopandishwa jukwaani hakikuwa unyago wote. Jukwaa lilipata mdundo na uchezaji. Mafunzo hayakwenda nao, kwa kuwa mafunzo hayana maana pasipo mwari wa kufunzwa na somo wa kumfunza. Mgeni wa Ulaya alirudi kwao na mshindo masikioni, asijue fumbo lilisema nini. Siri ilijilinda. Hasara, kama ipo, ilikuwa yetu sisi wa pwani, tuliouona mdundo ukishangiliwa tukadhani kwamba darasa nalo limesalimika.

Mwaka 2005, katika mkutano wa WOMEX uliofanyika Newcastle na Gateshead nchini Uingereza, Bi Kidude alipewa tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Mwaka uliofuata ilitoka filamu ya Andy Jones juu yake. Visiwani alipendwa, alizungumzwa, alipigwa picha na kila apitaye. Lakini aliendelea kuishi maisha ya kawaida, akiwagawia wengine alichopata. Kutunza kwa mila yetu ni kumwendea mwimbaji mbele ya watu na kumwekea noti mkononi. Ni desturi nzuri, ila noti ya ukumbini huisha asubuhi. Msanii asiye na chama, asiye na mkataba anaousoma mwenyewe, wala mtoto wa kumtegemea, huzeeka akiwa bado na deni la kuimba.

Hiyo ndiyo bei ya uhuru wake, naye aliilipa mpaka uzeeni. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu ya Siti of Unguja, na kwayo nyimbo za kale zikapata koo jipya. Sauti, basi, zina warithi. Msondo pia utapata mikono, maana vijana wa kuupiga hawakosi. Linalobaki ni nani atakaa chini na mwari, mlango umefungwa, amweleze maneno ya ngoma hiyo yana maana gani. Kazi hiyo Bi Kidude aliifanya maisha yake yote, mbali na makofi, na hakuna aliyemtolea tuzo kwa ajili yake.