Kitovu Ndani ya Chupa

Ndani ya matatu kutoka Malindi niliketi na bibi mmoja Mgiriama aliyempakata mjukuu wake ndani ya leso. Tukapita Gede, tukaambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke, tukaacha Matsangoni na Tezo, na muda wote kiganja chake hakikutoka kwenye paji la uso la mtoto. "Joto limeanza jana, mwanangu," aliniambia. "Naogopa nyuni." Nyuni ni ndege, na huku pwani ndilo jina la degedege pia: mtoto hukakamaa, macho humgeuka, mikono ikapigapiga kama mbawa. Yeye alikuwa anakwenda hospitali ya Kilifi. Nami nilikuwa nakwenda huko huko, kuona ndege huyo anatua wapi.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kipo kwenye uwanja wa hospitali hiyo tangu 1989, kazi iliyoanzishwa na Kevin Marsh na Norbert Peshu. Mtafiti aliyenipokea alinipa koti jeupe, akafungua kabati la joto la nyuzi 37, akatoa chupa bapa yenye maji ya rangi ya waridi. "Yakigeuka manjano, chakula cha seli kimechafuka," alisema.

Nikainamia hadubini. Seli zilikuwa zimetandazika zikigusana ubavu kwa ubavu kama vigae, bila pengo. Hizi ndizo zinazofunika ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, na zikishagusana hivyo huacha kuzaana. Aina hii hutoka kwenye mshipa wa kitovu cha mtoto mchanga. Eric Jaffe na wenzake walieleza namna ya kuziotesha mwaka 1973 huko New York. Nilinyamaza kidogo. Kwetu kitovu huzikwa, na mtu akitaka kujua asili yako huuliza kimezikwa wapi. Hiki kilikuwa hai bado, kinalishwa chupani ili watoto wengine wapone malaria, inayoweza kuleta degedege hilo.

Maana malaria kali haionekani yote kwenye tone la damu ya kidole. Kimelea huishi ndani ya chembe nyekundu kwa muda wa saa 48 hivi. Kikiwa kichanga huzunguka na damu. Kikikomaa huitia chembe ile vinundu vinavyonata, ikajishikiza kwenye ukuta wa mshipa na kukwepa wengu, ambako ingechujwa. Zikishikana nyingi kwenye mishipa myembamba ya ubongo, njia ya damu huziba. Huko ndani mganga hafiki na mkono wake, na mtoto aliye hai hafunguliwi ubongo. Ndiyo sababu ya kuotesha mshipa nje ya mwili: unapitisha vimelea juu yake, unahesabu vilivyonasa.

Utafiti uliotumia vimelea vya watoto wa Kilifi, uliochapishwa 1997, ulionyesha kwamba vilivyotoka kwa wenye malaria ya ubongo vilinata zaidi kwenye protini ya ukuta wa mshipa iitwayo ICAM-1. Mwaka 2019 vimelea vya watoto wa Malawi vikapitishwa juu ya seli za mishipa ya ubongo, na vya wenye malaria ya ubongo vikashika zaidi kuliko vya wenye malaria ya kawaida. Seattle na Barcelona sasa wanajenga vijimirija vizima, seli za mshipa zikioteshwa pamoja na jirani zake wa ubongoni, kwa kuwa seli ikiwa peke yake haina tabia ile ile. Natamani sana mirija hiyo ioteshwe Kilifi, hatua chache kutoka wodi ya watoto.

Nilipotoka nilimkuta bibi kwenye benchi, mjukuu amelala, pamba kidoleni.

"Wamewaona wadudu," aliniambia. "Wanamlaza."

Nikakaa naye mpaka muuguzi alipoita jina la mtoto.