Kusubiri Juu ya Barafu

Watu wa Minnesota, Marekani, hukaa juu ya ziwa lililoganda, kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wakitazama shimo lenye upana wa sahani. Samaki dukani wapo. Sasa mbona wajitese?

Binamu yangu anayefanya kazi huko ndiye alinielezea. Barafu safi ikifika unene wa sentimita 10, watu hutembea juu yake. Wanaitoboa kwa keekee, wanateremsha ndoano, wanangoja. Wengine wana vibanda vyenye jiko ndani. Maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito zaidi, kwa hivyo hutuama chini, na samaki huishi humo.

"Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni," akaniambia. "Ukijifungia kwa nyumba, utaugua roho. Kule ziwani hukosi mtu wa kukumiminia kahawa."

Hapo nikaelewa. Tangu niache chuo nianze kuandika, watu huniuliza nimevua nini. Siku nyingi, hakuna. Lakini niko na mabeshte wawili wanaopitia kwangu jioni. Juzi mmoja alisoma rasimu yangu hadi mwisho, akacheka pale nilipotaka acheke. Tukaongeza chai.