Paka wa Manyoya Marefu Chini ya Vilima vya Osukuru

Msafiri atokaye Tororo mjini kuelekea Osukuru huviona vilima vilivyo masalio ya volkano ya kale, ambavyo ardhi yake ina fosfeti nyingi. Chini yake yamo mashamba ya ulezi, mtama na mahindi. Penye nafaka hapakosi panya, na penye panya paka ana kazi. Paka wa wenyeji ni mwembamba, mwenye manyoya mafupi.

Katika nyumba ya askari mmoja nilimkuta paka wa namna nyingine: mweupe, manyoya marefu, mkia uliofumka kama ufagio. Mama mwenye nyumba alikuja naye kutoka mjini mumewe alipohamishwa. "Mgeni wetu, uzuri huu una kazi yake," alisema, huku akimbandua vishona-nguo tumboni.

Alisema kweli. Wengi wa paka hao asili yao ni nchi zenye baridi kali. Paka wa misitu ya Norwe na yule wa Siberia wana manyoya ya matabaka: ya nje huzuia maji, ya ndani hutunza joto. Maine Coon wa Marekani ni mkubwa. Dume huweza kupita kilo 7. Angora wa Uturuki ni mwepesi na mchangamfu. Paka wa Kiajemi ni mpole, lakini uso wake bapa humtaabisha kupumua wakati wa joto. Sokoke wa pwani ya Kenya, mzaliwa wa nchi ya joto, ana manyoya mafupi.

Amfugaye mwenye manyoya marefu amchane kila siku. Yakifungana, asiyakate kwa mkasi karibu na ngozi, maana ngozi ya paka huchanika upesi. Ampe kivuli, maji safi na chanjo ya kichaa.

Lakini hatari kubwa ni sumu ya panya. Mama yule alikuwa na paka wa kienyeji, akala panya aliyekula sumu ghalani mwa jirani, akafa. Baadaye panya walitoboa magunia yake mawili ya mahindi, na huyu mweupe aliyezoea kukaa ndani hakuwafukuza. Sasa amepewa mtoto wa paka wa kienyeji, naye jirani amekubali kutumia mitego.

Basi, ndugu msomaji, upatapo uhamisho, tazama kwanza hali ya hewa na ghala la uendako, ndipo uchague paka.