Mtu Mmoja, Karatasi Tatu

Kila mwaka, mibuyu ya Dodoma inapoanza kutoa majani baada ya kiangazi kirefu, mimi husimama mbele ya wanafunzi wapya wa sayansi ya habari kuwafundisha utangulizi wa isimu. Wengi hunitazama kama abiria walioambiwa kwamba wamepanda gari-moshi lisilo lao. Walikuja kujifunza mambo ya maktaba, nyaraka na kompyuta; irabu, konsonanti na ngeli za majina waliziacha shule ya sekondari, wala hawakuziaga kwa machozi. Siwalaumu. Nami nilipokuwa na umri wao niliidhani isimu kuwa ni starehe ya wazee wenye nafasi.

Swali langu la kwanza ni jepesi: neno ni nini? Hujibiwa upesi kwamba neno ni herufi zilizo kati ya nafasi mbili. Jawabu hilo ndilo la kompyuta, na katika Kiingereza laweza kumfikisha mtu mbali kidogo. Kisha huandika ubaoni "hawatakupikia". Kwa hesabu ya nafasi, hilo ni neno moja. Lakini ndani yake mna kukanusha, mna watendaji, mna wakati ujao, mna mtendewa, mna mzizi wa kupika, na mna kiambishi kidogo kinachosema kuwa kazi yafanywa kwa ajili ya mwingine. Mtu atafutaye "pika" kwa kulinganisha neno zima na neno zima hatalipata hilo kamwe, kama vile atafutaye "mtoto" asivyoletewa "watoto".

Watunga kamusi walikutana na taabu hii kabla ya kompyuta kufika kwetu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliwaweka watoto wa kitenzi chini ya mzazi wao, hata mpishi akatafutwa penye "pika". Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na kutolewa mwaka 1981, ilimpa mpishi mahali pake penye herufi M. Njia ya kwanza humfaa ajuaye sarufi. Ya pili humfaa mwenye haraka, ila huutawanya ukoo wa maneno. Mimi huipenda ya kwanza, ingawa nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi niliilaani mara nyingi.

Hayo ni ya darasani. Kilichonitia katika kazi hii ni jina la baba yangu.

Baba alikuwa Mgogo. Jina lake lilianza kwa sauti ile ile ianzayo jina la kata ya Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Sauti hiyo ni ya puani, kama ya mwanzo wa "ng'ombe", lakini hutoka pamoja na pumzi, kama ya mtu anayehema. Kigogo kinazo kadhaa za jamaa hiyo, nazo hazikuzuka bure. Mahali ambapo Kiswahili husema "mtu" na "watu", Kigogo husema "munhu" na "wanhu". Zamani sana, katika lugha mama ya Kibantu, n na t ziliandamana katika neno hilo. Kiswahili kikaidondosha n, Kigogo kikaiyeyusha t, ikabaki pumzi. Kila lugha ilifuata utaratibu wake, wala hakuna iliyoharibu.

Karani aliyezoea maandishi ya Kiswahili hana pa kuiweka pumzi hiyo. Kadi ya kazi ya baba iliandikwa kwa Ng', ritifaa bila h. Hati ya kiwanja iliandikwa kwa Ngh, h bila ritifaa. Cheti cha kifo kikaanza kwa N peke yake. Mama alizitia karatasi zote katika bahasha moja akazipeleka kwenye ofisi iliyokuwa ikishughulikia mafao ya marehemu. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alitafuta, akatafuta tena, kisha akasema kwa adabu, "Samahani mama, hawa ni watu watatu."

Mama akamjibu, "Mwanangu, mimi niliolewa na mmoja."

Ilichukua miaka miwili, viapo na mashahidi, na ng'ombe wawili waliouzwa kwa nauli na kwa ada ya shule ya mdogo wangu. Sikumchukia kijana yule. Aliulizwa swali la isimu, na hapakuwa na mtu aliyepata kumfundisha isimu. Hata walioandika, naamini masikio yao yalisikia vema. Walichokosa ni herufi.

Na ritifaa yenyewe ni mtego. Katika orodha ya Yunikodi, ambayo kompyuta huitumia kuzitambua herufi, alama iliyonyooka ina namba 39, na iliyopinda ina namba 8217. Jicho la binadamu halijali, lakini kwa kompyuta hizo ni alama mbili mbalimbali kama a na b, hata ng'ombe wa mwandishi mmoja asionekane katika zizi la mwingine. Hapo sijafika kaskazini, Kondoa na Chemba, kwenye Kirangi, ambacho ni Kibantu, na Kiburunge, ambacho ni cha Kikushi, na Kisandawe chenye vidoko vya ulimi mfano wa vile tumhimizavyo punda. Huko nako watu huzaliwa, huandikishwa na kutafutwa.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi karatasi tatu za baba, bila kuwaambia ni za nani, watunge kanuni ya kuzikutanisha. Kundi moja lilileta kanuni fupi: futa kila ritifaa, futa na h iliyo nyuma ya n au ng, kisha linganisha. Mbili zilikutana, ya tatu, ile ya N peke yake, ikabaki nje. Tena binti mmoja akasema kwamba kwa kanuni hiyo "ng'oa" na "ngoa" yatakuwa neno moja, na mwenye kung'oa mti atachanganywa na mwenye kulia ngoa. Wakabishana karibu saa nzima, nami nikawaacha.

Karibu na mwisho wa kipindi nililiandika jina ubaoni kwa namna zote tatu. Mwanafunzi wa Mvumi, aliyekuwa hajasema neno tangu mwaka uanze, aliinuka akaniambia, "Mwalimu, yote matatu yamekosewa," akalitamka. Tangu siku ya mazishi nilikuwa sijalisikia likisemwa vile na mtu asiye wa nyumbani kwetu. Wenzake wakamwomba alirudie, naye akalirudia polepole, ili wasikie mahali pumzi inapoingia.