Kidakuzi Mbele ya Kamati ya Nidhamu

Mwaka juzi niliketi katika kamati ya nidhamu ya chuo ambacho sitakitaja, kusikiliza shauri la mwanafunzi aliyetuhumiwa "kuvamia mfumo". Mimi hufundisha siasa, si kompyuta. Hata hivyo niliomba jambo moja: tuonyeshwe hasa alichokituma.

Fundi akafungua ombi lililoifikia seva. Katika vichwa vya ombi hilo, baada ya aina ya kivinjari na lugha, palikuwa na mstari wa vidakuzi: namba ya usajili, kisha "cheo=mhadhiri". Siku iliyotangulia mstari huohuo ulisomeka "cheo=mwanafunzi". Kijana alikuwa amebadili neno moja, akafunguliwa ukurasa wa alama za darasa zima. Hakugusa kitu. Alikwenda mwenyewe kutoa taarifa, na ndivyo alivyojulikana.

Itifaki ya wavuti haina kumbukumbu. Kila ombi hufika kama mgeni asiyewahi kuonekana. Mwaka 1994 Lou Montulli, akiwa Netscape, alibuni kidakuzi ili kutibu usahaulifu huo: seva humpa mgeni kikaratasi, naye hukionyesha kila arudipo. Lakini kikaratasi hukaa mfukoni mwa mgeni, na mgeni ana kalamu. Ndiyo maana seva makini huandika humo namba ndefu isiyokisika tu, na cheo cha mtu ikakisoma katika daftari lake yenyewe. Mfumo wetu ulimwuliza kila aliyebisha hodi yeye ni nani, ukampa funguo kwa jibu lake. (Nimewahi kuona ofisi zinazoendeshwa hivyo bila kompyuta.)

Niliuliza ni nani aliyeukagua mfumo kabla haujapokelewa. Wajumbe walitazamana. Niliwakumbusha kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtwika mkusanyaji wa taarifa wajibu wa kuzilinda. Mwenyekiti akajibu, kwa upole, kwamba ajenda yetu ilikuwa utovu wa nidhamu.

Kijana alipewa onyo kali kwa maandishi. Nilipinga, nikataka sababu zangu ziingizwe katika kumbukumbu za kikao. Wiki iliyofuata mfumo ulirekebishwa kimyakimya. Barua ya onyo ingali katika jalada lake. Nimeandika mara mbili kuomba iondolewe, na mwezi ujao anahitimu.